Sweta ya Dereva wa Basi

Sheila alipotolewa ndani ya basi lililopinduka, alikuwa amefungwa sweta kiunoni, na kila aliyemwona alidhani anasikia baridi.

Ilikuwa jioni ya mvua. Watoto wa shule walikuwa wakirudi kutoka tamasha la muziki, wamechoka kwa furaha. Walipoipita Keroka, pale barabara inapokunja kabla ya kuteremka, basi lao likateleza, likaacha lami na kulala ubavu katikati ya shamba la chai. Hakufa hata mmoja. Huko Ikonge watu walilirudia jambo hilo wiki nzima, dukani, mtoni, kwenye kituo cha kupimia majani ya chai. Sabato iliyofuata Nyanchera, nyanya yake Sheila, alisimama kanisani kumshukuru Mungu, akashindwa kumaliza, akaketi. Mwanamke wa benchi la nyuma, ambaye hawakuwa hata wamezoeana, alimpitishia leso yake na hakuwahi kuidai. Nyanchera alikuwa mtu wa kukumbuka mambo ya namna hiyo.

Wengine waliumia vibaya. Kijana wa jirani yao Masese alipondeka mguu, akatiwa vyuma. Msichana mmoja alipoteza meno ya mbele. Sheila alivunjika mkono wa kushoto. Ndivyo alivyosema mwenyewe hospitalini, baba yake Abner akiwa amesimama kando ya kitanda na kofia mkononi, na daktari, mwanamume kijana, akiandika.

"Unaumwa wapi?"

"Mkono."

"Na mahali pengine?"

Sheila akamtazama baba yake, kisha akautazama ukuta. "Mkono tu."

Mkono ukapigwa picha, ukafungwa plasta, wakaruhusiwa kwenda nyumbani, maana waliokuwa wakisubiri kitanda kule mlangoni walikuwa wengi.

Kwa Abner kulikuwa na nyumba mbili: yake yeye, yenye mabati mapya, na ya mama yake, chini kidogo karibu na migomba. Sheila alikuwa Gredi ya Saba na alilala kwa nyanya yake. Kwa Abagusii msichana akishaanza kukua halali tena nyumba moja na baba yake, na hapo kwao hakuna aliyeona ni jambo la kuelezwa. Wana neno lake, chinsoni, ile haya ya heshima inayokaa kati ya mzazi na mtoto. Baba hazungumzi na binti yake juu ya mwili wake. Binti hamwambii baba. Hata mama na mwanawe aliyeota ndevu huyazunguka kwa mbali maneno fulani. Ni nyanya na mjukuu tu ambao haya hiyo haiwabani. Wao wameachiwa utani wote.

Mama yake Sheila, Roselyne, alikuwa Qatar akifanya kazi za nyumba. Alipiga simu kila Jumamosi jua likishazama, na kwa kuwa simu ilikuwa ya Abner, iliwekwa spika juu ya meza ili wote wasikie.

"Mkono unaendeleaje, mama?"

"Vizuri."

"Na wewe mwenyewe?"

"Vizuri, mama."

Basi ikawa vizuri, kila Jumamosi.

Ile sweta ilifika nyumbani na Sheila. Ilikuwa ya rangi ya maruni, kubwa, ya kiume, yenye viraka kwenye viwiko. Ya dereva, Sheila alisema, na hakusema zaidi. Nyanchera aliiloweka kwenye beseni, maji yakawa mekundu. Aliona labda rangi inatoka, au ni damu iliyotapakaa humo ndani, maana siku ile ni nani hakuwa na damu. Akaifua. Akamwaga maji, akaifua tena mpaka maji yakawa safi, akaianika, akaikunja, akaiweka sandukuni akingoja nafasi ya kuirudisha. Mtu aliyevua sweta yake kwenye mvua ili amfunike mtoto wa mwenzake hakustahili kurudishiwa nguo chafu.

Plasta ikatolewa. Wenzake Sheila wakarudi shule, hata yule wa Masese kwa magongo, lakini Sheila hakurudi. Leo tumbo, kesho kichwa. Abner alisema mtoto anaogopa basi.

"Hutapanda basi," alimwambia akiwa amesimama nje ya mlango wa mama yake, sauti yake ya upole. "Tutatembea. Mimi nitakusindikiza mpaka getini."

Sheila alitikisa kichwa ndani kwenye kiza cha jikoni, na Abner akarudi kwenye kazi yake ya useremala bila kumkaripia. Nyanchera aliliona hilo pia. Baba wengi wangeshika fimbo.

Siku moja akaja Bosire. Bosire hakuwa wakili. Alikuwa yule mtu wa Keroka anayefika hospitalini kabla hata ya ndugu, akiuliza nani ameumia wapi, kisha anawapeleka watu kwa wakili mjini Kisii. Ndiye aliyewakusanya wazazi wote wa basi lile. Aliegesha pikipiki yake uani kwa Abner, Masese akiwepo, akakubali chai kabla ya kukaribishwa.

"Habari njema, wazee. Kampuni ya bima imechoka na sisi. Inalipa watoto wote kwa mpigo mmoja. Alhamisi tunaenda Kisii, kila mzazi anatia sahihi yake, kesi imekwisha."

"Wote pamoja?" Abner akauliza.

"Wote. Kampuni haitaki faili moja moja. Inataka ifunge kitu chote ilale."

"Na mtoto akianza kuumwa tena baadaye?"

"Ukishatia sahihi hakuna baadaye. Ndiyo maana inaitwa kumaliza." Bosire akapuliza chai. "Lakini wewe una wasiwasi wa nini? Wako ni mkono. Tena wa kushoto. Angekuwa anaandika nao tungesema mengine."

Masese hakucheka. "Mimi sina maswali," alisema. "Mimi nataka vile vyuma vitoke kwenye mguu wa mtoto. Daktari amesema visipotolewa mapema mguu utabaki mfupi. Nipeni kalamu hata sasa."

Nyanchera alikuwa akimenya ndizi kando ya mlango. Aliwasikia wote, lakini macho yake yalikuwa kwa Sheila, aliyekuwa ameegemea nguzo ya jikoni. Mazungumzo yalianza mtoto akiwa amesimama, na yakaisha akiwa amesimama, uzito wake wote juu ya mguu mmoja. Kulikuwa na viti viwili vitupu.

Kesho yake asubuhi, Nyanchera alishuka kijitoni kukata majani ya ng'ombe, akamkuta Sheila amechutama majini akifua blanketi kwa mkono mmoja.

"Mke mwenza," Nyanchera akamwita. Waliitana hivyo tangu Sheila ajue kuongea, maana wote wawili walidai kwamba marehemu babu ni mume wao. "Unamfulia mume gani blanketi asubuhi hii?"

Sheila hakucheka. "Lilimwagikiwa na chai."

"Na la juzi?"

"Pia."

"Hiyo chai inakupenda."

Mtoto akainamisha kichwa, akaendelea kusugua. Nyanchera aliweka panga chini, akakunja gauni lake, akaingia majini na kushika ncha ya pili ya blanketi. Wakaanza kulikamua, mmoja akizungusha huku na mwingine kule, maji yakichuruzika katikati yao.

"Mimi nilipomzaa baba yako," Nyanchera akasema, kama anayezungumza juu ya mahindi, "nilikaa miezi nikija hapahapa kufua hivihivi. Mkojo ulikuwa hauniulizi tena. Mume wetu akawa ananisifia kwa wanaume wenzake: mke wangu anapenda usafi, kila asubuhi yuko mtoni."

Kicheko kilimtoka Sheila kabla hajajua kinakuja, na nyuma yake kikafuata kilio. Alilia akiwa bado ameshika blanketi. Nyanchera hakumharakisha. Alipomaliza kulia, mtoto alisema yote akiyatazama maji. Basi lilipolala, chuma cha kiti cha mbele kilimgonga hapa chini, katikati ya mapaja. Alitoka damu. Sasa hawezi kukaa darasani, mfupa unamchoma kama umetiwa moto, na mkojo unapita wenyewe, mchana na usiku. Shuleni wavulana wananusa hata mtu aliyekula samaki. Je, hili?

"Na hospitalini?"

"Tata alikuwa pale, Magokoro." Ndivyo alivyowaita, baba Tata, nyanya Magokoro. "Ningesemaje Tata akiwa pale?"

Nyanchera alijua kwamba yeye mwenyewe asingesema.

"Usimwambie," Sheila akasema. "Ukimwambia sitaweza kumtazama tena. Naapa."

Walipanda kilima polepole, Nyanchera amebeba blanketi na majani, na miguu yake ilikuwa mizito kuliko mzigo. Aliwaza juu ya Alhamisi. Mwanawe angeweka jina lake chini ya maneno "mkono wa kushoto", na lile jeraha jingine la mtoto huyu lisingekuwa tena na mtu wa kulilipia matibabu. Na kulikuwa na wazo jingine chini ya hilo, ambalo hakulipa nafasi ya kupanda juu lakini lilipanda: msichana aliyevunjika mahali pale, je, siku moja atazaa?

Alifungua sanduku, akaitoa sweta ya dereva. Akatia makaa kwenye pasi.

Dereva aliitwa Ochoki. Tangu ajali alikuwa nje kwa dhamana, kesi yake ya kuendesha vibaya ikingoja mahakamani. Hakuna aliyempa gari tena, akawa anapakia ndizi kwenye malori pale Keroka. Nyanchera alimkuta chini ya lori, mkungu begani. Alipomwona bibi kizee anamjia moja kwa moja akautua.

"Mama, kama umekuja kunilaani, kuna foleni. Utakaa nyuma ya wale."

"Nimekuja kukurudishia nguo."

Alimpa. Ochoki akaifungua, akaitazama mikunjo.

"Umeipiga pasi," akasema. "Hata mke wangu hajawahi kuipiga pasi hii."

"Ulimfunika mjukuu wangu nayo."

Ochoki akageuka upande, akawa anasema na mikungu ya ndizi, na Nyanchera akageuka pia, akayatazama magari barabarani, ili mtu huyo apate nafasi ya kusema.

"Nilipomvuta nje niliona damu. Haikuwa ya mkono. Na wavulana wa hapo walikuwa wameshakuja na simu zao, wanapiga picha kila kinachotoka. Nikavua, nikamfunga kabla hawajafika. Mvua hiyo, nani angeshangaa."

"Hukumwambia mtu."

"Nimwambie nani, mama? Baba yake? Mimi ndiye niliyewaangusha watoto wao. Halafu nisimame mbele ya mwanamume kama yule nianze kutaja mahali nilipoona damu ya binti yake? Nikasema basi, mtoto atamwambia mama yake."

"Mama yake yuko Qatar."

Ochoki akaupangusa uso wake kwa kiganja. "Sikujua."

"Na mimi niliifua," Nyanchera akasema.

"Nini?"

"Hiyo damu. Niliifua yote, nikasema ni rangi."

Wakaitazama ile sweta, safi, mikono yake imelala kifuani kama imekunjwa dukani. Lori lilikuwa limeanza kunguruma, na mtu alimwita Ochoki kwa tusi, naye akamwonyesha kidole kwamba angoje.

"Watasema aliumia kwingine," Nyanchera alisema. "Kwa sababu siku ya kwanza hakusema."

"Watasema. Ndiyo kazi yao." Akafikiri. "Nikisema kwamba niliona, najiongezea mzigo kule kortini. Mtoto aliyeumia mkono ni kitu kimoja."

"Najua. Sijakuomba."

"Umeniomba, mama. Umetoka Ikonge na pasi." Akamrudishia sweta mikononi. "Rudi nayo. Mtoto bado anahitaji kitu cha kujifunga. Mwambie wakili wenu anitafute, nitasema nilichoona."

Sasa ilibaki kwa Abner, na hiyo ndiyo njia iliyokuwa ndefu kuliko ya Keroka.

Alasiri hiyo Abner alikuwa chini ya upenu wa karakana yake akipiga randa ubao. Nyanchera alikuja na ungo wa chinsaga, mboga ile chungu anayoipenda mwanawe, akaketi hatua chache kutoka kwake, mgongo ameuelekeza kwake na uso kwenye migomba. Sheila alikuwa amelala ndani. Nyanchera alikuwa amemwambia kabla ya kutoka: "Sitamwambia baba yako. Nitazungumza na mama yako." Na Sheila alikuwa amejifunika uso na kusema, "Sawa."

"Roselyne," Nyanchera akaanza, akichambua majani. "Nina maneno na wewe."

"Mama, leo si Jumamosi," Abner akasema nyuma yake. "Na simu ninayo mimi."

"Wewe endelea na kazi yako. Nazungumza na mke wako. Qatar si mbali sana, atanisikia."

Randa ikaendelea. Nyanchera akamweleza Roselyne kila kitu: juu ya blanketi na kijito, juu ya chuma cha kiti, juu ya damu, juu ya mtoto asiyeweza kukaa. Hakulipamba neno lolote, wala hakuligeuza lingine, ila kila neno alimwambia Roselyne. Mahali fulani katikati randa ilinyamaza. Nyanchera hakugeuka. Alimweleza Roselyne kwamba mtoto alitaka kusema hospitalini, lakini chumba kilikuwa na mtu anayemheshimu mno. Alimweleza juu ya Ochoki. Mwisho akasema, "Basi wewe mwenyewe ungekuwa hapa, Roselyne, ningejua la kufanya Alhamisi. Lakini hauko."

Nyuma yake ikasikika sauti ya mtu mzima anayevuta pumzi kwa pua. Nyanchera alichambua jani lile lile mpaka likaisha.

"Mwambie Roselyne," Abner akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa kama ya siku zile alipokuwa mdogo, "mwambie nimesikia."

Alhamisi ofisi ya wakili mjini Kisii ilijaa mpaka kwenye ngazi. Wazazi walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Bosire alipita katikati yao akipeana mikono kama bwana harusi. Sheila alibaki chini kwenye ngazi, amesimama, sweta ya maruni kiunoni, na nyanya yake alipanda na Abner.

Majina yakaitwa, mmoja mmoja akainama mezani akaweka sahihi. Masese aliweka yake, akaitazama kama picha ya mtoto mchanga. Kisha akaitwa Abner.

Abner akasogea na kofia mkononi. "Sitii sahihi," akasema.

Bosire alitabasamu, akidhani ni mzaha. "Unasemaje, mzee?"

"Sitii. Mtoto wangu hajapona."

"Ni mkono, Abner. Umeshaungwa. Hata juzi nilimwona amesimama vizuri tu."

"Hajapona."

Watu wakaanza kunung'unika. Kila mmoja alijua kwamba kampuni ilitaka wote kwa mpigo mmoja. Masese alijipenyeza mpaka mbele.

"Kwa hivyo mkono wa binti yako ni wa dhahabu," akasema. "Mguu wa mtoto wangu ungoje huo mkono mpaka upande bei. Si ndivyo?"

"Sivyo, Masese."

"Basi sema ni vipi. Sisi ni majirani. Sema hapa tusikie."

Nyanchera alimwona mwanawe akifungua kinywa. Chumba kilikuwa na wanaume zaidi ya ishirini, na kila mmoja ana mtoto katika shule ile ile. Abner alitazama mlangoni, kule ngazi zinakoshukia. Akafunga kinywa.

"Nisamehe," akasema tu.

"Ghorofa," mtu mmoja nyuma akasema. "Anataka kujenga ghorofa Ikonge." Wachache wakacheka, kicheko kibaya. Abner alisimama pale akakipokea chote kichwani, kama mtu aliyenyeshewa na hana pa kukimbilia.

Mezani palikuwa na karani, mwanamke wa makamo aitwaye Ruth. Nyanchera alimwinamia. "Mwanangu, nina neno la wanawake." Ruth alimtazama usoni mara moja, akaweka kalamu chini, akamwongoza kwenye kichumba cha kuwekea mafaili na kufunga mlango. Hakuketi mpaka Nyanchera alipoketi. Akasikiliza bila kuandika chochote.

"Mtoto yuko wapi sasa, nyanya?"

"Kwenye ngazi. Amesimama. Kutoka Ikonge mpaka hapa alikaa kwa upande mmoja, hakulalamika."

Ruth akachukua mto mdogo kutoka kwenye kiti chake mwenyewe, akafungua mkoba wake, akatoa kitu cha wanawake kilichofungwa kwenye karatasi ya duka, cha kumsaidia mtoto mpaka jioni. "Mpe hivi. Nitamwambia wakili mimi, mlango ukiwa umefungwa. Wale hawatasikia kutoka kwangu."

Wakili alikuja akiwa amekunja uso, lakini alizungumza kwa adabu. Madai ya Sheila yatatolewa kando. Atafutwe daktari bingwa, aandike alichokiona. Dereva aje atoe maelezo yake. Hakuwadanganya: kampuni ingeweza kubisha, ingeweza kusema mtoto aliangukia kwingine, na ingekuwa kazi ngumu kwa kuwa siku ya kwanza hakusema. Kuhusu wale wengine, angeiomba kampuni iwalipe bila kumngoja Sheila. Hakuahidi kwamba itakubali.

Kampuni haikukubali. Ilisema kundi ni kundi, na mazungumzo yakaanza upya, na vyuma vikabaki kwenye mguu wa mtoto wa Masese.

Daktari bingwa alikuwa mwanamke. Alimpima Sheila akiwa na nyanya yake tu chumbani, akampiga picha, akawaonyesha: mfupa wa nyonga ulipasuka siku ile, ukajiunga vibaya peke yake, na njia ya mkojo ikaumia. Kungehitajika upasuaji, pengine zaidi ya mmoja, mbali na hapa. Nyanchera alisubiri Sheila atoke kuvaa viatu, ndipo akauliza lile wazo lililokuwa likimpanda.

"Hilo tutaliona wakati wake, nyanya," daktari akasema. "Sasa hivi ni mtoto. Tusimzeeshe."

Haikuwa ndiyo, wala haikuwa hapana. Nyanchera alishukuru kwamba hakudanganywa, na njia nzima ya kurudi Ikonge aliomba kimya kimya.

Kanisani Masese alihama benchi. Mke wake, ambaye walikuwa wakipokezana na Nyanchera kuchunga ng'ombe wa kila mmoja, alipita mlangoni na kikapu bila kusalimu. Kwenye kituo cha kupimia chai watu walimwachia Abner nafasi pana, na mtu alipotaja ghorofa wote walitazama chini. Nyanchera alishindwa kuvumilia. Jioni moja alisema, uso kwenye migomba kama desturi yao mpya ilivyokuwa:

"Roselyne, nataka kwenda kwa mke wa Masese. Ni mwanamke, ataelewa. Nimweleze tu yeye."

Nyuma yake mwanawe akajibu, "Mwambie Roselyne kwamba akijua mke wa Masese, imejua Ikonge yote. Acheni waniite mlafi. Mimi ni mwanamume mzima, hilo jina naweza kulibeba. Lile jingine yule mtoto hawezi."

Nyanchera hakwenda. Lakini alianza kuacha mkungu wa ndizi mbivu kwenye njia ya mtoto wa Masese, pale anapopumzisha magongo yake, na siku zote aliukuta umechukuliwa. Hakujua ni nani aliyeuchukua, wala hakuchungulia.

Barua ya tarehe ya upasuaji haikuwa imekuja bado, wala jibu la kampuni, siku Abner alipotua kitu mbele ya mlango wa mama yake. Kilikuwa kiti. Si kama vile anavyotengeneza vya kuuza sokoni. Kiti hiki kilikuwa kipana, chenye mikono ya kujishikia, na kwenye kikalio alikuwa amekata ubao katikati kwa umbo la mwezi, akaweka sponji nene kuzunguka, na juu yake plastiki laini isiyopitisha maji, imepigiliwa kwa ustadi hata misumari haionekani.

"Ni cha nani hicho?" Nyanchera akauliza.

"Chako, Mama. Mgongo wako."

"Mgongo wangu ndiyo."

"Kama wewe hukitumii, kuna mwingine anaweza kukitumia." Akageuka, akaondoka na nyundo yake.

Nyanchera akakiingiza ndani. Sheila alikizunguka, akaigusa sponji kwa kidole, akajishikilia kwenye mikono ya kiti na kujishusha taratibu, meno ameyauma akingoja yale maumivu. Akaketi. Akangoja zaidi. Kisha akaegemea nyuma, mgongo wote, kitu ambacho nyanya yake hakuwa amekiona tangu siku ya tamasha la muziki. Akakaa hivyo muda mrefu, machozi yakishuka bila yeye kuyapangusa.

"Mke mwenza," akasema.

"Niambie."

"Mwambie aliyetengeneza kiti kwamba kiko sawa."

Nyanchera akaenda mlangoni, akaegemea mwimo. Hakutazama upande wowote hasa. "Aliyetengeneza kiti," akasema kwa sauti kuielekeza migomba, "mwenyewe anasema kiko sawa."

Hatua za mtu, ambazo zilikuwa zimesimama huko nyuma ya migomba, zilianza tena kutembea.